Bustani, kuku au bodaboda: njia tatu za kijana wa kijijini mwenye milioni mbili

Mpwa wangu alirudi Mtandika mwaka jana baada ya miaka miwili ya kuchanganya zege Dodoma. Alikuja kuniamkia jioni, akavua viatu, akaketi, na chai ikiwa bado inafuka akasema, "Mjomba, nina milioni mbili. Nifanye nini nayo kabla haijaliwa?"

Ndani ya wiki moja alikuwa na majibu matatu. Mama yake alimwambia kuku. Wenzake wa kijiweni wakamwambia atafute chombo, yaani pikipiki ya bodaboda. Na mimi, ambaye nimelima vitunguu kando ya mto Lukosi tangu sijaoa, nilikuwa karibu kumwambia bustani. Nikajizuia, kwa sababu niliona kila mmoja wetu anamshauri kile alichokizoea mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza yeye ana nini, na akipoteza atabaki na nini.

Kwa hiyo naziweka njia hizi tatu juu ya mkeka mmoja nizipime kwa kipimo kimoja. Si njia pekee zilizopo. Aliye Mtwara ana korosho, aliye Singida ana alizeti, aliye kando ya ziwa ana dagaa. Lakini kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi juu ya mlima Kitonga, na katika vijiji vingi vya Tanzania vilivyo karibu na maji na barabara, vijana ninaokutana nao wamekwama hapa hapa: nilime mboga, nifuge, au nipande pikipiki?

Tunapima kwa vigezo gani

Vipo sita. Cha kwanza ni mtaji wote, yaani pesa ya kuanzia pamoja na ile ya kukufikisha kwenye mauzo ya kwanza. Wengi hukwama katikati, wakiwa wameshaanza vizuri. Cha pili, pesa ya kwanza inaingia baada ya muda gani, maana kuna mwenye wazazi wanaomlisha na kuna mwenye watoto wanaomsubiri mlangoni.

Cha tatu ni hasara: inakujaje, na inachukua nini. Hiki nakipa uzito kuliko vyote. Vijana huuliza "inalipa?", na zote tatu zinalipa mwezi ukiwa mzuri. Zinaachana siku mbaya ikifika: moja inakuchukulia msimu mzima, nyingine inafagia banda kwa wiki moja, nyingine inaweza kukuchukulia mguu. Cha nne ni soko na nani anapanga bei. Cha tano ni kazi yenyewe, jasho na saa zake. Cha sita, baada ya miaka mitatu umebaki na nini mkononi hata kama faida yote umeila.

Bei nitakazotaja ni za kukadiria. Kabla hujatoa hata mia, zunguka maduka matatu uandike bei za wiki hiyo.

Njia ya kwanza: bustani ya kumwagilia, nyanya au vitunguu

*Mtaji.* Anza kuhesabia ardhi. Mashamba ya wazazi mara nyingi yako juu, kwenye mahindi ya mvua. Yale ya bondeni yenye maji yana wenyewe na hukodishwa kwa msimu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu kijana, wa kike kwa wa kiume, kuomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji na kupewa hakimiliki ya kimila, ila bondeni kwenyewe ardhi ya kugawa imekwisha katika vijiji vingi. Ukikodi, andikishaneni. Karatasi moja inatosha: ukubwa wa shamba, msimu, kiasi, mashahidi wawili, na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Nimemwona kijana akiondolewa shambani vitunguu vikiwa na majani matano, kwa sababu mwenye shamba alipata mtu mwenye dau kubwa zaidi na hapakuwa na karatasi.

Baada ya ardhi ndipo mbegu, mbolea, dawa, mafuta ya pampu na vibarua. Eka moja ya nyanya hubeba miche kama 10,000 au zaidi kidogo, na kila mche utataka mbolea na dawa hadi mwisho. Milioni mbili haitoshi eka nzima ikilimwa inavyotakiwa. Inatosha robo eka, pengine nusu kama pampu ni ya kuazima. Mbolea ya ruzuku ipo tangu msimu wa 2022/2023, lakini unaipata ukiwa umeandikishwa kijijini na kupewa namba, kwa hiyo nenda kaandikishwe mapema. Na usilime ukingoni mwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Hizo mita 60 ni bomba la kununua, na vijana wengi hawaliweki kwenye hesabu hadi siku wanapoambiwa wahame.

*Pesa ya kwanza.* Nyanya hukaa kitaluni wiki tatu hadi nne, kisha shambani siku 75 hadi 90 ndipo uanze kuchuma, na utachuma kwa mikupuo wiki kadhaa. Kitunguu hukaa kitaluni wiki sita hadi nane, shambani miezi mitatu hadi minne, halafu kinang'olewa chote kwa pamoja. Hesabu miezi minne ya nyanya na karibu sita ya vitunguu bila senti yoyote kutoka shambani.

*Hasara.* Hapa nina mengi. Nyanya ina adui anayeitwa kanitangaze, nondo mdogo aliyeonekana nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2014, na jina linajieleza: akiingia kwako kijiji kizima kitajua. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani, kisha anahamia kwenye tunda, na dawa inayopulizwa juu haimfikii kirahisi. Unamwahi kwa mitego ya kuvuta madume, kwa kubadilisha aina za dawa, na kwa kung'oa na kuteketeza masalia ya msimu uliopita. Mvua zikizidi inakuja bakajani, na ndani ya siku chache shamba lililokuwa kijani linakuwa kama limemwagiwa maji ya moto.

Hata ukivuka hayo yote, nyanya haingoji. Msimu mmoja nilijaribu nyanya badala ya vitunguu. Nilipanga matenga 34 chini ya mwembe siku ya Alhamisi, nikayafunika majani ya migomba, nikisubiri gari la tajiri tuliyekwisha kubaliana. Ijumaa simu yake haikupatikana. Jumamosi asubuhi maji mekundu yalikuwa yanachuruzika kwenye mbao za matenga ya chini, nyuki wameyazunguka, na harufu ya uchachu unaisikia ukiwa barabarani. Niliuza matenga 11 kwa bei ya kutupa. Yaliyobaki walikula nguruwe wa jirani, na mimi nikarudi nyumbani na deni la dawa.

Kitunguu ni kivumilivu. Kikikaushwa kivulini na kutandazwa kwenye kichanja chenye hewa, kinakaa miezi miwili mitatu kikikungojea bei. Udhaifu wake uko mwanzoni, kwenye mbegu, ambayo hupoteza nguvu ya kuota haraka kuliko mbegu nyingi. Niliwahi kununua makopo mawili katika duka moja mjini, tarehe kwenye kopo imefutika, na kitalu kikaota mmoja huku mwingine kule kama ndevu za mvulana. Tangu hapo naotesha mbegu 50 kwenye kitambaa chenye unyevu kabla ya kumwaga kitaluni. Zisipoota 40 ndani ya siku kumi, kitaluni haziingii.

*Soko.* Bei anapanga mwenye gari. Nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni hushuka na barabara ile ile kuelekea Dar es Salaam. Vile vya Mang'ola, Karatu, huvuka Namanga kuingia Kenya. Watu wote wakivuna mwezi mmoja bei inaanguka, na nyanya ya masika hupanda kwa sababu wachache wanaiweza. Halafu kuna kipimo. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, bado inafungwa, na kile kilemba cha juu ni mali ya mkulima inayoondoka bure. Mkiwa watano mnaouza pamoja na mna mzani, mnaweza kukataa. Ukiwa peke yako na nyanya zimeshaiva, huna sauti. Ndiyo maana nasema kabla ya kutafuta mbegu, tafuta wenzako wanne.

*Kazi.* Ni ya mgongo. Kumwagilia alfajiri na jioni, kupalilia, kupulizia dawa ukiwa umevaa barakoa na mikono mirefu, kulala shambani mavuno yakikaribia. Uzembe wa wiki mbili hauponi.

*Baada ya miaka mitatu.* Shamba likiwa la kukodi, unabaki na pampu, mabomba, na elimu ya udongo na tarehe ambayo hakuna anayeweza kukunyang'anya. Ardhi hubaki na mwenyewe. Katika rika langu, waliosimama ni wale ambao msimu mmoja mzuri waliugeuza kuwa kipande cha ardhi, hata kama ni robo eka, badala ya kuugeuza kuwa redio na sherehe.

*Inamfaa* aliye karibu na maji, anayeweza kula miezi sita bila kulitegemea shamba, na mwenye wenzake wa kuuza nao. Haimfai anayedaiwa kila wiki.

Njia ya pili: kuku

Kwanza tutenganishe. Kuku wa kienyeji wanaozurura na chotara wanaofungiwa bandani ni biashara mbili zenye jina moja. Wengi wanaoharibikiwa wameanza na mahesabu ya kienyeji kwa kuku wa chotara.

*Mtaji.* Kienyeji unaanza na majike kumi, jogoo mmoja, na banda la udongo lenye mlango unaofunga vizuri ili kicheche asipite. Laki tatu au nne inatosha, na chakula kikubwa wanajitafutia. Chotara kama Kuroiler, ambao asili yao ni India, na Sasso wa Ufaransa, wanataga zaidi na wanafika kilo mbili ndani ya miezi mitatu hivi, lakini hayo yote yanatoka kwenye mfuko wa chakula. Kuku mmoja anayefungiwa hula kilo tano hadi sita kufikia wiki ya 12. Kuku 100 ni mifuko kumi hadi kumi na miwili ya kilo 50. Chakula peke yake huchukua theluthi mbili ya gharama au karibu na hapo. Kijana anayemaliza pesa kwenye vifaranga na banda la mabati, kisha akaanza kutafuta pumba, wiki ya sita kuku wake wamedumaa na anawauza kwa huruma. Tenga pesa ya chakula chote, iweke mbali, ndipo uagize vifaranga. Ukichanganya mwenyewe pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa na chokaa utapunguza gharama, ila chukua kipimo cha mchanganyiko kwa afisa mifugo, usikadirie kwa macho.

*Pesa ya kwanza.* Chotara wa nyama, miezi mitatu hadi minne; wa mayai, mwezi wa tano au wa sita. Kienyeji ni wa taratibu. Jike anataga mayai kumi hadi kumi na tano, anaatamia siku 21, analea, anarudia, mara tatu hivi kwa mwaka, na kuku anahitaji miezi sita au zaidi kufikia ukubwa wa kuuzwa. Faida yake ni kwamba unauza mmoja mmoja. Mtoto akiugua usiku, asubuhi kuna jogoo wa kupeleka barabarani. Shamba la vitunguu haliwezi kukukatia kipande namna hiyo.

*Hasara.* Jina lake ni kideri, au mdondo. Dada yangu, mama wa kijana huyu, alikuwa na kuku 43 mwezi wa tisa wa mwaka mmoja wa kiangazi kikali. Jumatatu aliona mmoja amejikunyata kwenye kona, mavi ya kijani, shingo imepinda kama anatazama mgongo wake. Ijumaa walibaki watatu. Kinachoniuma ni kwamba kinga ipo na ni rahisi: chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, tone moja kwenye jicho kila baada ya miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, ndiyo maana inafaa vijijini kusiko na friji kila nyumba. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko ulio nao, kwa hiyo changieni kitongoji kizima na mchanje siku moja, kwa sababu kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye mlango. Chotara wana ratiba ndefu zaidi, gumboro na ndui zimo, na kuhara damu hufuata banda lenye takataka mbichi. Chanjo haimponyi aliyekwisha ugua; anayechanja baada ya kuona mmoja amekufa amechelewa.

*Soko.* Ni la karibu, na hilo si jambo dogo. Mama lishe, wauza supu, migahawa wanakosimama mabasi ya Iringa na Mbeya, walimu, wauguzi wa zahanati. Krismasi, Pasaka na Idi bei hupanda, na mwenye akili huhesabu wiki kurudi nyuma kutoka hapo. Kuku haozi kama nyanya, lakini chotara aliyefikia uzito anakula faida yako kila siku unayomchelewesha.

*Kazi.* Si nzito ila haina siku ya kupumzika. Wiki tatu za kwanza za vifaranga utalala usingizi wa mama mzazi. Unaamka saa nane, unamulika: wakiwa wamerundikana chini ya jiko, wanasikia baridi, wakiwa wamejibana kwenye kuta midomo wazi, joto limezidi, wakiwa wametawanyika wametulia, rudi ukalale.

*Baada ya miaka mitatu.* Kundi la kienyeji linajizaa lenyewe, kwa hiyo mtaji wako unatembea uani. Chotara wanahitaji kununuliwa upya karibu kila mzunguko. Katika hali zote mbili una banda, na una mbolea ambayo wenye bustani watakuja kuiomba.

*Inamfaa* asiye na shamba lenye maji lakini ana ua. Mama mwenye mtoto mchanga. Binti ambaye kaka zake wamegawiwa ardhi yeye akaambiwa ataolewa. Haimfai mtu anayesafiri safiri.

Njia ya tatu: bodaboda

*Mtaji.* Pikipiki mpya ni shilingi 2,500,000 hadi 3,000,000 na kuendelea, kutegemea aina. Milioni mbili basi inakupa milango mitatu: kununua iliyotumika, kutanguliza sehemu na kumalizia kwa mkataba, au kuchukua ya bosi kwa hesabu ya siku, yaani kiasi unachompelekea kila siku, na kuiacha pesa yako ipumzike. Ya kutumika, nenda na fundi unayemwamini na hakikisha kadi inabadilishwa jina. Ya mkataba ndiyo wengi wanaingia: unapeleka kiasi kila siku au kila wiki kwa mwaka mmoja au zaidi, ukimaliza chombo ni chako. Soma kipengele cha kuugua. Mikataba mingi niliyoonyeshwa inasema ukikosa siku kadhaa chombo kinarudi kwa mwenyewe, na yote uliyolipa yanakwenda nacho. Ongeza leseni ya udereva, leseni ya usafirishaji ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), bima, na kofia ngumu mbili, yako na ya abiria.

*Pesa ya kwanza.* Leo jioni. Hakuna njia nyingine kijijini inayoweza kusema hivyo, na wazee wanaowabeza vijana wa boda wanalisahau hili. Mtu mwenye mke mjamzito na debe tupu hawezi kungoja kitunguu. Tena kazi yenyewe ni huduma: ndio wanaopeleka wajawazito zahanati usiku, ndio wanaopandisha mbolea milimani ambako gari halifiki.

*Hasara.* Zipo za kila siku, ndogo ndogo: tairi, cheni, oili, petroli ambayo bei kikomo yake EWURA, mamlaka ya nishati na maji, huitangaza kila mwezi. Hizo unazizoea. Ipo moja kubwa, na ni mwili wako. Katika hospitali za mikoa watu wamezoea kuita chumba cha mifupa wodi ya bodaboda. Nyanya zikioza unabaki na mikono ya kulima tena. Mguu ukivunjika, kipato kinasimama siku hiyo hiyo, hesabu ya bosi haisimami, na nyumba nzima inageuka kuuza vitu. Ukiamua njia hii, mapato ya wiki ya kwanza yaende kwenye kofia nzuri na bima ya afya, kabla ya taa za rangi na spika.

*Soko.* Bei mnapatana na abiria, lakini kijiwe kikijaa wenzako ndio wanaoishusha. Na kuna jambo ambalo mwenye boda wa kijijini hulijua kabla ya afisa kilimo: mavuno yakiwa mabaya, abiria wanatembea kwa miguu. Boda ya kijijini inakula kutoka shamba lile lile, ila kwa mlango wa nyuma.

*Kazi.* Jua, vumbi, mvua, na saa nyingi za kungoja kichwa, yaani abiria. Mgongo na macho huchoka kimya kimya.

*Baada ya miaka mitatu.* Una pikipiki iliyochoka. Kama kila siku uliweka kando elfu mbili au tatu kwenye kikoba, una pikipiki iliyochoka na pesa ya nyingine, au ya shamba. Nimeona wa aina zote mbili wakitoka kijiwe kimoja.

*Inamfaa* mwenye watu wanaomtegemea leo, mtulivu barabarani, asiyekunywa kazini, mwenye nidhamu ya kuweka akiba kila siku. Kwa wasichana mlango huu bado ni mwembamba, ingawa wachache wameuingia.

Kabla hujakopa kuongezea

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024. Inatolewa kwa vikundi, na kikundi kilichoundwa wiki ya mkopo hufa wiki ya marejesho. Uwe na wenzako mliowahi kuweka akiba pamoja. Aliye tayari kuhama kijiji aulize pia kuhusu mashamba ya pamoja ya BBT, mpango wa serikali wa kilimo kwa vijana, kama lile la Chinangali, Dodoma. Mikopo ya kausha damu, ile ya marejesho ya kila siku au kila wiki, haiendani kabisa na zao la miezi sita. Nimeona godoro likibebwa kwa mkopo wa laki mbili.

Sasa angalia hali yako

Una watoto na hakuna anayekulisha: anza na kinachotoa pesa leo, yaani boda ya hesabu au kibarua, huku ukijenga kundi dogo la kuku nyumbani. Usizamishe milioni mbili yote kwenye shamba msimu wa kwanza.

Uko kwa wazazi, chakula kipo, na mto uko karibu: bustani, robo eka, vitunguu kabla ya nyanya. Nyanya ingia mwaka wa pili ukishafahamiana na wanunuzi wawili au watatu.

Huna shamba ila una ua na soko la karibu: kuku. Majirani wakikubali kuchanja pamoja, ongeza kundi. Wakikataa, kaa na wachache uwafungie.

Uko mbali na barabara, gari linafika kwa shida: nyanya iache kabisa. Kitunguu, kuku wa kienyeji, au ufuta na alizeti za mvua zitakusubiri.

Unadaiwa tayari: lipa kwanza, hata kama ni nusu ya hiyo milioni mbili.

Ni binti na ardhi imegawiwa wengine: kuku ni mwanzo usiohitaji ruhusa ya mtu. Lakini nenda pia ofisi ya kijiji ukaandike maombi ya ardhi kwa jina lako, uache nakala, urudi kuuliza kila mkutano.

Mume na mke mnaofanya kazi pamoja mnaweza kuunganisha mbili, mmoja bandani na mwingine bondeni, mbolea ya kuku ikishuka shambani. Zote tatu kwa mwaka wa kwanza sijaona aliyeziweza.

Mpwa wangu yeye hana mke wala deni, baba yake ana kipande kidogo chenye mfereji, na mama yake hajawahi kuwasahau wale kuku 40. Alichukua robo eka ya vitunguu, akamnunulia mama majike kumi na chupa ya chanjo waliyogawana na nyumba saba, na laki sita akaziacha kwenye simu bila kuzigusa hadi siku ya kung'oa. Wenzake wa kijiweni bado wanamwita, na pikipiki bado anaitaka. Juzi nilimkuta kwenye kichanja anageuza vitunguu kimoja kimoja, anatenga vyenye shingo nene vya kuliwa kwanza, na kwenye mlango ameandika kwa mkaa bei ya gunia ya kila Jumatatu.